Jeraha Likishonwa, Kazi Ndio Imeanza

Mwaka jana nilianguka na boda nikitoka Njoro kuingia Nakuru. Tulikuwa abiria wawili na mkungu wa ndizi, msiniulize. Nikashonwa nyuzi tisa mguuni, pale mbele chini ya goti. Nesi akanidunga sindano ya pepopunda, akafunga bandeji, akasema, "Usilowanishe, rudi baada ya siku kumi na mbili." Basi. Next! Akaitwa mwingine.

Sasa fika nyumbani uone vile kila mtu ni daktari. Shosh alitaka maji moto na chumvi. Msee wa boda alikuja kunipa pole, akaniambia wao hujimwagia petroli na maisha yanaendelea. Jirani akaleta kapsuli ya rangi mbili, akaifungua, akanyunyiza ule unga juu ya nyuzi. Nami nilikubali, kwa sababu nani mwingine alikuwa ameniambia kitu?

Siku ya tano mguu ulikuwa moto, wekundu unapanda, usaha unatoka. Nikarudi. Nyuzi mbili zikafunguliwa, jeraha likaoshwa upya, nikaandikiwa dawa za wiki nzima. Kovu nimebaki nalo, pana kama kidole.

Jirani simlaumu. Alijaza nafasi iliyoachwa wazi. Kosa naliona pale mlangoni, mgonjwa anapotoka na maneno ya sekunde kumi. Najua foleni ni ndefu na nesi ni mmoja. Lakini mimi nilirudi nikamchukulia nusu saa ambayo dakika mbili za maelezo zingeokoa. Karatasi moja ya Kiswahili ni pesa ngapi kweli?

Mimi sikumaliza chuo, na nilichosomea hata si udaktari. Haya niliyaambiwa niliporudi. "Usilowanishe" ni ya siku moja au mbili za kwanza. Baada ya hapo, kama hujakatazwa, unaosha polepole kwa maji safi na sabuni ya kawaida, unakausha kwa kugusagusa, husugui. Kuloweka kwa beseni, hapana. Spiriti kila siku pia hapana, inaunguza nyama mpya. Na unga wa kapsuli ni wa kumezwa, tena ukiandikiwa.

Halafu kuna ile ya "kiache kipate hewa." Hapa kwetu? Wanasema hata jina Nakuru limetoka kwa Wamaasai, mahali pa vumbi. Na tangu 1962 mtafiti Mwingereza, George Winter, alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu kidogo huota ngozi haraka kuliko kilichoachwa kikauke kikaweka gamba. Yaani hiyo stori ina zaidi ya miaka sitini na bado haijafika Kaptembwo.

Kitu kinachonikera zaidi ni kupumzika. Ngozi ikishonwa inaonekana imefunga, lakini wiki mbili baadaye bado ni dhaifu sana, na hata ikipona kabisa haifikishi nguvu yake ya zamani. Huishia kama asilimia 80. Mwambie hivyo msee wa mkokoteni sokoni, ama kibarua wa maua Naivasha anayelipwa kwa siku. Kesho yake yuko kazini, jeraha linafunguka, tunasema "ana damu mbaya." Damu yake haina shida. Shida ni kodi ya nyumba.

Na wengine hujitoa nyuzi kwa wembe ili wasitumie nauli. Za uso hutolewa mapema, kama siku tano hivi. Za mguu hukaa siku kumi mpaka kumi na nne. Ukizitoa za mguu na hesabu ya uso, usishangae.

Juzi mtoto wa jirani yuleyule alikatwa na mabati, akashonwa nyuzi tatu mkononi. Mama yake akaja kwangu. Kwangu! Nilimwambia arudi kwa nesi, na kabla hajatoka nikamwandikia maswali manne nyuma ya risiti ya unga: nianze kumwosha lini, nisipake nini, nyuzi zitolewe siku gani, na nikiona nini nije mbio hata kama ni usiku. Alirudi na majibu yote. Ameibandika kwa friji.