Fahali Wawili Zizi Moja: Funzo la Stesheni ya Victoria

Wahenga walinena kuwa fahali wawili hawakai zizi moja. Stesheni ya Victoria jijini London inaonyesha kwamba huweza kukaa, almuradi zizi ligawanywe kwa ukuta. Kwa maoni yangu, ramani ya stesheni ni matini kama matini nyingine. Anayeisoma kwa makini hutambua nani aliijenga, alishindana na nani, na nani alibebeshwa gharama ya mashindano hayo.

Kampuni ya reli ya London, Brighton and South Coast ilianza kuitumia Victoria mwaka 1860. Mnamo 1862, kampuni ya London, Chatham and Dover ilifungua stesheni yake ubavuni mwa ile ya kwanza. Moja iliwapeleka wasafiri Brighton na pwani ya kusini. Nyingine iliwapeleka Kent na bandari ya Dover. Kila kampuni ilikuwa na lango lake na ofisi yake ya tiketi, na baina yao ukasimama ukuta.

Uhasama huo ndio ulioipa stesheni umbo lake. Kampuni ya Brighton ilipohitaji nafasi zaidi, ilikuta barabara upande mmoja na mshindani upande wa pili. Ikalazimika kurefusha. Ujenzi uliokamilika mwaka 1908 uliacha majukwaa marefu yanayotosha treni mbili, moja nyuma ya nyingine. Mbele ikajengwa sura ya matofali mekundu. Mwaka 1909 upande wa Chatham nao ukapata sura yake, ya mawe meupe. Hadi leo mgeni hulikuta jengo moja lenye nyuso mbili.

Sheria ya Bunge ya mwaka 1921 ililazimisha kampuni za reli kuunganishwa, na kuanzia 1923 pande zote mbili zikawa chini ya Southern Railway. Mwaka 1924 ukuta ukatobolewa. Kwa zaidi ya miaka 60, abiria aliyetaka kuvuka upande wa pili alikuwa amelazimika kutoka nje na kuingia upya.

Wapo watakaodai kuwa ushindani huleta maendeleo. Sikatai; huenda bila ushindani London isingepata njia nyingi hivyo. Hata hivyo, kushindana kwa huduma ni jambo moja, na kumzungusha abiria ni jambo jingine.

Suala hili linatuhusu. Nchini Kenya hatukuwa na kampuni mbili zilizokamiana, ila tuna reli za enzi mbili. Ile iliyojengwa kati ya 1896 na 1901 ina upana wa milimita 1,000; ile iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 ina milimita 1,435. Treni ya moja haiwezi kupita kwenye nyingine. Anayetoka Mombasa hushukia Syokimau, mbali na stesheni kongwe ya katikati ya Nairobi, kisha hutafuta usafiri mwingine. Huo nao ni ukuta, ingawa hauna matofali.

Hapana budi, basi, ramani za stesheni zetu zijadiliwe hadharani, tena kwa Kiswahili, kabla saruji haijamwagwa. Abiria wengi wa nchi hii huielewa lugha hiyo, na sisi tunaoisomea tuna wajibu wa kuwafafanulia wanachojengewa.