Safari Ndefu, Pikipiki Ndogo

Likizo ikikaribia, sisi mafrateri tukizungumzia safari, wengi husifu pikipiki kubwa za kitalii. Kwa barabara zetu, tunasema ndogo ni bora.

BMW R 1250 GS ina uzito wa kilo 249. Ikianguka kwenye tope, mtu mmoja atahangaika nayo. Boxer 150 tuliyoizoea kwenye bodaboda ina karibu nusu ya uzito huo: dereva huiinua mwenyewe, na ikiharibika, fundi hakosekani hata kwenye senta ndogo. Honda ilianza kuuza Super Cub mwaka 1958, ikiwa na injini isiyofika cc 50; mwaka 2017 zilizotengenezwa zilifikia milioni 100. Wapo waliovuka mabara nazo.

Mtasema haina kasi. Ni kweli, na kwenye barabara kuu yenye mabasi na malori inahitaji uangalifu na kofia ngumu. Lakini katika njia za vijijini, mwendo wa taratibu ni faida: tunasalimiana na watu tunaowapita. Mzigo nao hupungua kwa lazima. Ndiyo shule ya fadhila ya kiasi tunayoisoma darasani.

Mungu akipenda, kesho tutapewa parokia zenye vigango vya mbali, na waamini watatuuliza tunahitaji nini. Aliyezoea kusafiri na begi moja hatawachangisha wakulima gari la fahari. Tujizoeze sasa, kabla hatujaulizwa.