Mizani Hukaguliwa, Programu Je?

Mkulima wa chai hapa Chepilat, mpakani mwa Bomet na Nyamira, ana haki moja ambayo hakuna athubutuye kumnyima: haki ya kuitazama mizani. Afikapo kituoni na majani yake, hukodoa macho mzigo unapotundikwa, na sheria ya mizani na vipimo humlinda kwa kuamuru kwamba kila mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Lakini mizani ya siku hizi ni ya kielektroniki. Kilo hunakiliwa na kifaa, zikapelekwa kwenye tarakilishi ya mbali, zikajumlishwa, yakakatwa madeni ya mbolea, na mwishowe mkulima akaonyeshwa tarakimu moja tu. Je, ni nani aliyeikagua programu iliyofanya hesabu hiyo?

Swali hili hunijia kila siku niwapo kazini. Riziki yangu ni kufufua tarakilishi kuukuu zinazoletwa na shule, makanisa na wenye maduka wa pande zote mbili za mpaka. Nikishapangusa vumbi na kubadilisha vipuri vilivyokufa, huweka Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi nchini Finland, na ambao tangu 1992 hutolewa kwa leseni ya GPL iliyotungwa na Mmarekani Richard Stallman. Leseni hiyo humruhusu kila mtu kuitumia programu, kuyasoma maandishi yanayoiendesha, kuyarekebisha na kuwagawia wengine, mradi naye asiwanyime wenzake haki aliyoipata.

Wapo wanaonicheka kwamba napenda vya bure. Waama, bei si hoja yangu. Shule moja, ambayo jina lake nalisitiri, ilinunua programu ya kuwekea alama za wanafunzi. Aliyeiuza alifunga biashara, leseni ikaisha muda, na alama za miaka minne zikabaki ndani kama mali iliyofungiwa na marehemu asiyeacha ufunguo. Nilihangaika nazo wiki nzima nikashindwa. Walimu walirudi kwenye karatasi za zamani, wakaandika upya kwa mkono yale yaliyopatikana. Shule ilikuwa imelipa pesa zake, lakini haikumiliki hata kumbukumbu zake yenyewe.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya Wazungu tu. Mapigano yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yalipoikumba nchi, nasi wa mpaka huu wa Sotik na Borabu tukaonja uchungu wake, Wakenya wachache waliunda Ushahidi mnamo Januari 2008, ili raia waripoti kwa simu na intaneti yaliyokuwa yakitendeka, na ripoti hizo zionekane kwenye ramani. Kwa kuwa programu hiyo iliachwa wazi, ilitumiwa pia Haiti baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 2010. Eldoret nako, mahitaji ya kliniki za UKIMWI yalichangia kuzaliwa kwa OpenMRS mwaka 2004, mfumo huria wa kuhifadhi rekodi za wagonjwa ulioanza kutumika huko mwaka 2006. Wizara ya Afya nayo ilianza kukusanya takwimu za nchi nzima kwa DHIS2, programu huria vilevile, mwaka 2011. Ikiwa tunaweza kuuamini uwazi katika uhai wa wagonjwa, tunauogopea nini katika kilo za chai?

Wapinzani husema kwamba programu iliyo wazi humwonyesha mwizi pa kupitia. Nawajibu kwamba kila fundi wa hapa sokoni anajua kufuli linavyofanya kazi, lakini duka haliibiwi kwa sababu hiyo. Kinachofichwa ni ufunguo. Hata hivyo, nakiri kwamba uwazi peke yake si dawa. Mwaka 2014 iligunduliwa kasoro ya Heartbleed katika OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya intaneti, na ilikuwa imekaa humo takriban miaka miwili bila kutambuliwa. Mlango ulikuwa wazi, ila walioingia kutazama walikuwa wachache mno. Kwa hiyo hatuna budi kuwafunza vijana wetu kusoma na kuandika programu, wala si kubofya vitufe tu.

Sidai kwamba kila mkulima awe mtaalamu. Hata mizani hakaguliwi na kila mkulima. Hukaguliwa na afisa kwa niaba yake. Ninachodai ni kwamba kiwanda chochote kinachohesabu jasho la watu kiwaruhusu wakaguzi waliochaguliwa na wakulima kuyasoma maandishi ya programu yake. Serikali za kaunti nazo zisinunue mfumo wowote usioruhusu kumbukumbu za umma kutolewa na kuhamishwa bila idhini ya muuzaji.

Wazee wa Kipsigis walipoamua kesi katika kokwet, waliketi peupe, kila jirani akasikia hoja na hukumu. Hawakuingia kichakani wakarudi na jibu tupu. Nasi tusikubali jibu tupu kwa sababu tu limetoka kwenye tarakilishi.