Fundi wa Uyole anahitaji mteja anayepima

Msimu wa kupukuchua mahindi unapofika, mafundi wa kuchomelea kandokando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia pale Uyole, Mbeya, huwa na kazi nyingi. Vyuma chakavu, puli kuukuu na injini ndogo za dizeli hugeuka mashine za kupukuchua. Wengi wao hawakusomea uhandisi. Walijifunza kwa kutazama, kufungua na kufunga tena.

Wapo wanaowabeza kwa madai kwamba mashine ya kweli hutoka nje. Wanasahau kuwa hata huko nje mambo yalianza hivyo hivyo. Mwaka 1837, huko Illinois, Marekani, mhunzi John Deere alitengeneza plau kwa chuma cha msumeno uliovunjika, kwa kuwa wakulima walichoka kusimama kila mara kukwangua udongo ulionata kwenye plau za zamani. Hakuwa wa kwanza, kwani John Lane alikwisha kutumia chuma cha msumeno mwaka 1833. Lakini Deere aliendelea kutengeneza na kurekebisha kadiri wakulima walivyozijaribu plau zake: 10 mwaka 1839, 40 mwaka 1840. Leo matrekta yenye jina lake yanalima hadi Tanzania.

Hapa nchini nako, mashine ya mkono ya kukamua alizeti iliyobuniwa Arusha katikati ya miaka ya 1980 na Mmarekani Carl Bielenberg ilienea kwa sababu karakana ndogo ziliweza kuitengeneza na kuikarabati.

Hata hivyo, ubunifu usiopimwa humtia mkulima hasara. Ngoma ya mashine ikizunguka kwa kasi mno, punje huvunjika. Punje zilizovunjika hushambuliwa upesi na wadudu na ukungu, na mnunuzi hushusha bei. Mara nyingine dawa yake ni rahisi: puli kubwa zaidi upande wa mashine hupunguza kasi. Lakini fundi atajuaje, iwapo mteja hulalamikia nyumbani na msimu ujao huhamia kwa fundi mwingine?

Kabla ya kumaliza malipo, mkulima aende karakana na gunia lake la mahindi yaliyokauka vizuri. Apime muda na dizeli iliyotumika. Kisha achukue kilo 10 za punje, achambue zilizovunjika na kuzipima. Zikifika kilo 1, ajue kuwa katika kila gunia la kilo 100 anaharibu kilo 10. Hesabu hiyo amwachie fundi, naye fundi airekebishe mashine.

Serikali nayo ina wajibu. SIDO ipo tangu mwaka 1973, CAMARTEC tangu 1981, na mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU, yalianza mwaka 2019. Tuzo ni jambo jema, lakini tuzo haipukuchui mahindi. Kinachokosekana ni mahali ambapo fundi wa mtaani atapeleka mashine yake ipimwe, aambiwe kasoro, arudi tena.

Kituo cha utafiti cha Uyole kimewapa wakulima mahindi ya UH6303 na maharage ya Uyole 96. Mbegu hizo zilijaribiwa kwanza shambani kabla ya kufika sokoni. Mashine inayozipukuchua nayo inastahili kujaribiwa vivyo hivyo.