Kagera Haiishii Bukoba

Wengi wanaoisimulia Kagera walifika Bukoba mjini, wakala ndizi, wakanunua senene, wakageuza. Ndiyo maana tunaambiwa mkoa mzima ni wa Wahaya. Karagwe na Kyerwa ni kwa Wanyambo. Ngara wako Wahangaza na Washubi, ambao lugha zao zina udugu wa karibu na Kirundi. Biharamulo utawakuta Wazinza na Wasukuma.

Eti mvua haikatiki. Hiyo ni kweli ukiwa ziwani: Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kwani upepo wa mashariki huchota unyevu wa Ziwa Victoria na kuumwaga kwenye miinuko ya ufukweni. Ivuke miinuko hiyo kuelekea magharibi, kiasi hicho kinashuka hadi karibu nusu. Mfugaji wa Karagwe anakijua kiangazi vizuri.

Dai linaloniudhi zaidi ni kwamba ardhi ina rutuba hadi migomba inajiotea. Mwenye kusema hivyo hakutazama pembeni ya kibanja, yaani shamba la migomba. Hapo pana rweya, mbuga ya nyasi yenye udongo hafifu, uliochujwa na mvua hiyo hiyo inayosifiwa. Kibanja kimetengenezwa na watu: samadi ya ng'ombe, takataka za jikoni, nyasi zilizokatwa rweya na kutandazwa chini ya migomba na mibuni, kizazi baada ya kizazi. Ng'ombe wakipungua, migomba inadhoofu. Kumwambia mkulima huyo kwamba amebahatika ni kumnyang'anya jasho lake.

Kuna wanaosema mpaka wetu na Uganda ni Mto Kagera. Idi Amin naye alilishikilia dai hilo mwaka 1978, akatangaza kuitwaa ardhi ya kaskazini mwa mto, na vita vikafuata. Mpaka, kwa sehemu kubwa, ni mstari wa digrii 1 kusini mwa Ikweta, uliochorwa na wakoloni. Ndiyo sababu Missenyi ina vijiji ng'ambo ya mto, na mto wenyewe unaingia ziwani upande wa Uganda.

"Pembezoni"? Kwa mtu wa Dar es Salaam, sawa, ni zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara. Lakini Bukoba iko karibu zaidi na Kampala, na malori yanayotoka bandarini kwenda Kigali hupita Ngara hadi daraja la Rusumo.

Na Chato, kwa wanaoihesabu Kagera bado, iko Geita tangu 2012.