Flashi bila nenosiri ni mlango wazi

Mwaka 2017 mfanyakazi wa uwanja wa ndege wa Heathrow, London, alipoteza flashi yenye mafaili zaidi ya 1,000. Haikuwa na nenosiri, hivyo aliyeiokota aliyasoma kwenye kompyuta ya maktaba. Mwaka uliofuata uwanja ulitozwa faini ya pauni 120,000. Mwaka 2022, mjini Amagasaki, Japani, ilipotea flashi yenye taarifa za wakazi wapatao 460,000. Hiyo ilikuwa imefungwa kwa nenosiri, nayo ikapatikana siku chache baadaye.

Wapo wasemao nenosiri husahaulika. Ni kweli, lakini dawa ni kuliandika na kulitunza mbali na flashi, pamoja na nakala ya mafaili. Kifaa kidogo kuliko kidole hupotea kirahisi. Siri za watu zisipotee nacho. Ifunge flashi yako leo.