Chombo kikizidi mzigo, usiseme 'Mungu atatuvusha'



Katika mkoa wetu wa Simiyu, wilaya inayogusa Ziwa Victoria ni moja tu, Busega. Sisi wa Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu tumezoea pamba na ng'ombe, na ajali za majini tunaziona kuwa msiba wa watu wa visiwani. Leo naomba tuzitazame kama jambo letu.

Fungua Matendo ya Mitume sura ya 27. Paulo anasafirishwa kwenda Roma akiwa mfungwa. Mfungo wa Wayahudi, unaoangukia Septemba au Oktoba, umepita na bahari imeanza kuwa ya hatari. Wakiwa Bandari Nzuri, kisiwani Krete, Paulo anaonya kwamba wakiendelea watapoteza shehena, merikebu na hata maisha. Lakini akida Yulio anamwamini zaidi nahodha na mwenye merikebu, na walio wengi wanataka kuondoka. Upepo mwanana wa kusi unapovuma, wanang'oa nanga. Haukupita muda, tufani ikawakumba.

Septemba hiyohiyo, tarehe 20 mwaka 2018, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora, Ukerewe, kwenda Ukara. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la Bwisya, safari ikiwa imebaki kidogo sana.

Ndugu yangu, sisemi haya kuwalaumu marehemu. Mama mwenye kapu la sokoni hana pa kulala akiachwa. Wajibu wa kwanza ni wa wenye chombo na wasimamizi wake. Lakini najiuliza: je, abiria wa kawaida hana neno? Paulo hakuwa na cheo chochote, tena alikuwa chini ya ulinzi. Hata hivyo alisema. Hakusikilizwa, lakini hakujutia kusema.

Wapo watakaojibu kwamba ulinzi unatoka kwa Mungu. Ni kweli. Ila angalia jinsi Paulo alivyoishi imani hiyo. Malaika alikwisha kumhakikishia kwamba hakuna atakayepotea. Bado, mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua, alimwambia akida kwamba wasipobaki, wengine hawataokoka. Aliwahimiza watu kula, kisha wakatupa ngano baharini ili kupunguza uzito. Wote 276 wakafika nchi kavu, Malta. Ahadi ya Mungu haikufuta kazi ya kupunguza mzigo.

Sasa rudi Bariadi. Mchomoko wa kwenda Lamadi umejaa, dereva anasema sogeeni kidogo. Bodaboda imepakia mishikaki, watoto wawili katikati. Tunanong'ona "Mungu atatuvusha", tunaondoka. Hiyo si imani. Bwana wetu alipoambiwa ajitupe kutoka kinara cha hekalu, alikataa kumjaribu Mungu.

Wiki hii, ukiona chombo kimezidi, sema. Kama huwezi kusema, shuka. Na wewe mwenye chombo, nauli ya mtu mmoja wa ziada isikufanye ubebe damu ya wote.

Jumapili njema.